Kigali na Sinema za Vinyago

Msafiri atokaye Tanzania kwa basi huingia Rwanda kwenye daraja la Rusumo, juu ya mto Kagera. Hapo dereva huacha kushika mkono wa kushoto akashika wa kulia, maana ndivyo ilivyo sheria ya barabara za huko. Safari huendelea ikipanda na kushuka, ikipita Kayonza na Rwamagana, hata Kigali ikaonekana imeenea juu ya vilima vyake. Jambo la kwanza limpokealo mgeni ni usafi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wananchi hutoka kwa umuganda, yaani kazi ya pamoja ya kufagia, kuchimba mitaro na kujenga.

Hayo yameandikwa na wengi. Makala haya yanakusudia kuzungumzia jambo lisilotajwa sana na wageni, nalo ni sinema za kutisha, hasa zile za muuaji aliyevaa kinyago, na maana yake katika mji ambao wenyewe umepitiwa na mauaji ya kweli.

WAELEZAJI WA FILAMU

Anayetaka kuanza vema na aende Nyamirambo. Mtaa huu na jirani yake Biryogo ni makao ya Waislamu tangu enzi za wakoloni, na Kiswahili husikika humo barazani, dukani na gereji. Mwaka 2017 Rwanda iliifanya lugha hii kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi, lakini Nyamirambo haikungoja sheria.

Katika mitaa ya namna hii ndimo ilimokua ile iitwayo agasobanuye. Neno hili limetokana na kitenzi gusobanura, yaani kueleza. Filamu ya kigeni huwekewa juu yake sauti ya mtu mmoja, naye huwa mume, mke, askari na jambazi kwa zamu, akiongeza utani na maonyo yake mwenyewe. Aliyepata sifa kuu katika kazi hii ni Nkusi Thomas, aliyejulikana kwa jina la Yanga, ambaye alifariki mwaka 2022. Ufundi huu si wa Rwanda peke yake. Uganda wamo waelezaji wengi, na kwetu Tanzania wapenzi wa sinema hawajamsahau Lufufu, yaani Kapteni Derek Gaspar Mukandala, ambaye alipata kuwa mwanajeshi.

Mwelezaji hodari aweza kuigeuza filamu ya kutisha ikawa kichekesho. Humkemea msichana anayeingia ghalani usiku peke yake, humsuta muuaji, na watazamaji ambao wangepiga mayowe wakaangua kicheko. Hiyo ni hekima kubwa kuliko tunavyodhani. Woga ulioelezwa huanza kupungua nguvu.

KINYAGO CHA BIASHARA

Filamu hizo zenyewe zina historia yake. Mwaka 1978 Mmarekani John Carpenter alitengeneza Halloween, kisa cha Michael Myers anayewawinda vijana kwa kisu. Fedha zilikuwa chache. Kinyago cha muuaji kilinunuliwa dukani, kikiwa sura ya mwigizaji William Shatner, kikapakwa rangi nyeupe. Mwaka 1980 ikatoka Friday the 13th, ambayo ilitengenezwa kwa dola zipatazo 550,000 na kuingiza karibu dola milioni 40 Marekani peke yake. Mwaka 1984 Wes Craven akaleta A Nightmare on Elm Street, yenye Freddy Krueger anayewaua watu katika ndoto zao.

Tuitazame Friday the 13th. Muuaji wa filamu ya kwanza si Jason anayejulikana leo. Ni mama yake, mwanamke anayelipiza kisasi kwa kuwa mwanawe alizama ziwani wakati walezi wa kambi ya watoto walipozembea. Jason mwenyewe alikuja kuwa muuaji katika filamu ya pili, na kile kinyago cha mlinda mlango wa mchezo wa magongo wa barafuni alikivaa kwa mara ya kwanza katika ya tatu, mwaka 1982. Hata hivyo kinyago ndicho kilichoushinda ulimwengu. Kimechapwa katika fulana, kimetiwa katika michezo ya kompyuta, na watu wasiowahi kuona mchezo huo wa barafuni hukitambua mara moja. Filamu za Jason zimefika 12, mkihesabiwa ile ya mwaka 2003 anayopigana na Freddy na ile iliyotengenezwa upya mwaka 2009. Kila anapouawa hufufuka, maana mwenye mali hataki afe.

Basi kanuni za sinema hizi ni tatu. Muuaji hana uso. Muuaji hazuiliki. Na polisi hufika wakati maiti zimekwisha kulala.

GISOZI NA KICUKIRO

Sasa na tuvuke bonde twende Gisozi, kilima kilicho na Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari, yaliyofunguliwa mwaka 2004. Hapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Kuna chumba cha watoto, chenye picha zao kubwa, na chini ya picha imeandikwa mtoto alipenda chakula gani, rafiki yake alikuwa nani, na aliuawaje. Sinema ya kinyago humwonyesha muuaji sana, na waliokufa huwasahau kabla taa hazijawashwa. Gisozi imefanya kinyume. Aliyekufa ndiye mwenye jina na sura.

Hapo kanuni ya kwanza huanguka. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 hayakufanywa na mgeni asiye na uso. Yaliandaliwa na viongozi, yakachochewa na redio ya RTLM, na yakatendwa mchana, aghalabu na majirani waliojulikana kwa majina. Ndiyo maana mahakama za gacaca, zilizofungwa mwaka 2012, ziliweza kusikiliza kesi zipatazo milioni mbili. Mtu asiye na uso hashtakiwi.

Kanuni ya pili na ya tatu huanguka Kicukiro, na hapa askari na polisi wanaosoma ukurasa huu wasimame kidogo. Katika shule ya ufundi ya ETO walikimbilia watu zaidi ya 2,000, wakilindwa na askari wa Ubelgiji waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili 1994 askari hao waliamriwa kuondoka. Wauaji walikuwa wakingoja nje, na wengi wa wale watu waliuawa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ulinzi haukuchelewa kufika, kama katika sinema. Ulikuwapo, ukaondoka. Filamu ya Shooting Dogs ya mwaka 2005 ilipigwa katika shule hiyo hiyo, na miongoni mwa waliofanya kazi ya kuitengeneza walikuwamo walionusurika.

Wakati huo huo, katika mji huo huo, Kapteni Mbaye Diagne wa Senegali, mwangalizi wa Umoja wa Mataifa asiye na silaha, alikuwa akiwapakia watu katika gari lake na kuwavusha vizuizi vya barabarani kwa maneno matamu na sigara. Aliokoa mamia. Aliuawa kwa kombora tarehe 31 Mei 1994, na mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ulianzisha nishani yenye jina lake. Hakuna sinema ya kinyago yenye mtu kama yeye, kwa sababu akiingia tu, hadithi yote huharibika: muuaji anazuilika.

NENO KWA WAZAZI

Wanyarwanda wengi wa leo wamezaliwa baada ya mwaka 1994, nao hutazama filamu kama vijana wa Dar es Salaam au Nairobi. Si haki kuwanyima. Lakini katika juma la maombolezo lianzalo tarehe 7 Aprili, starehe husimamishwa, kwa kuwa wapo ambao mlio au sura moja huwarudisha kule walikotoka. Kinyarwanda kina neno la maumivu hayo, ihahamuka. Mwenye kucheza filamu ya mapanga kwa sauti kubwa na amfikirie jirani wa nyumba ya pili.

Kwetu nasi, mzazi akimkuta mwanawe mbele ya filamu hizi, asitosheke na kuizima. Kwanza autazame umri wa mtoto, maana mdogo hajui kupambanua. Aliye mkubwa na aketi naye, amweleze kama afanyavyo mwelezaji wa Nyamirambo: damu ile ni rangi, kinyago kile kilinunuliwa dukani. Kisha amwambie lile ambalo sinema haisemi, kwamba muuaji wa kweli ana jina, husikiliza maneno fulani kabla ya kushika panga, na huweza kuzuiwa na mtu anayekataa kuondoka mlangoni. Mtoto wa askari anapaswa kulijua hilo mapema, maana huenda siku moja mlango huo ukawa wake kuulinda.