Umefika Kabla Sijakungoja

Kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza hadi ule wa Bukoba, ukipiga mstari mnyoofu juu ya Ziwa Victoria, ni kama kilomita 175. Kwa ndege ya pangaboi ni kiasi cha dakika 45, ukihesabu na kule kujikokota hadi mwanzo wa njia ya kurukia. Kwa basi lazima ulizunguke ziwa: Busisi, Geita, Biharamulo, Muleba, zaidi ya kilomita 400. Foleni ya kivuko pale Kigongo ndiyo imetuondokea, tangu daraja la kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025.

Mimi nilizoea meli. Unapanda Mwanza usiku, unashuka Bukoba kukipambazuka. Nikirudi likizo, mama alikuwa na usiku mzima wa kunisubiri. Honi ikilia bandarini, mkungu wa ndizi umeshakatwa, maji yako jikoni, na jirani ameshaambiwa.

Mara ya kwanza kwenda kwa ndege, nilimpigia simu nikiwa tayari ukumbi wa abiria. Nilimkuta uani ameinamia mkungu, kisu mkononi, vidole vimeganda utomvu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Akanitazama juu hadi chini. “Mwanangu, umefika kabla sijakungoja.”

Nikacheka, nikadhani ananitania. Kisha simu ikaita. Nikatoka nje kubishana na mtu wa ofisini, nikarudi, ikaita tena. Ndizi zilipoiva nilikuwa bado nazungumza na Mwanza. Ndipo nilipomwelewa: hata mimi nilikuwa sijafika.

Ndani ya meli, Mwanza ilikuwa ikinitoka polepole. Kwanza taa za mjini, halafu mtandao, halafu yale ya kazini, yakimezwa na hadithi za abiria nisiyemjua aliyekaa juu ya gunia lake. Kulipokucha nilikuwa mtoto wa nyumbani, na sikuwa nimefanya bidii yoyote.

Wala siipambi safari ndefu. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Kuna waliokuwa bandarini wanangoja wageni wao. Mbele ya watu hao siwezi kusema kungoja kuna utamu. Mzazi akiugua, dakika 45 ni neema, nami nitazishukuru.

Ila nimejifunza kwamba ndege inabeba mwili na begi. Yaliyobaki nayabeba mwenyewe. Kiwanja cha Bukoba kiko mjini, kando ya ziwa. Siku hizi nikishuka siiti bodaboda. Naizima simu, natembea na begi begani, nasalimiana na ninaokutana nao, nawaacha wanaoniuliza habari za Mwanza waulize mpaka wachoke. Nusu saa hiyo ndiyo meli yangu.

Na kingine: simpigii tena mama nikiwa ukumbi wa abiria. Namwambia siku moja kabla, naye apate usiku wake. Juzi nilipofika, mkungu ulikuwa umekatwa lakini haujamenywa. Juu ya jani la mgomba palikuwa na visu viwili.