Nilianguka Nimesimama

Watu wakisikia umeanguka na pikipiki, swali la kwanza huwa ni moja: "Ulikuwa spidi ngapi?" Mimi nilikuwa sifuri. Nilikuwa nimeshasimama pembeni ya barabara pale Ilula, mbele ya akina mama wanaouza nyanya, injini nimezima, nataka kushusha mguu wa kulia. Mguu ukakataa. Misuli ilikuwa imenibana kuanzia pajani hadi kisiginoni, na pikipiki yenye uzito wa karibu kilo mia mbili ikaanza kulala taratibu, mimi nikiwa juu yake. Mama mmoja akasema, "Pole, baba." Kisha akaficha uso kwenye khanga. Najua alikuwa anacheka. Hata mimi ningecheka.

Hiyo ilikuwa Juni ya mwaka juzi. Tulikuwa wanne. Tuliondoka Dar saa kumi na moja alfajiri ili tuikwepe foleni ya Kimara na Mbezi, tukiwa na nia ya kulala Iringa siku hiyohiyo, kama kilomita 500. Barabarani tunaitana kwa kazi zetu. Yupo Fundi, mwenye gereji, mkubwa wetu kwa umri. Yupo Mwalimu, anayefundisha fasihi sekondari. Yupo Mhasibu, ambaye hata bei ya maji ya kunywa huandika kwenye simu. Mimi wananiita Mwandishi, hasa wakitaka kunitania kwamba ipo siku nitawaandika. Basi leo nawaandika, na wameniruhusu.

Kabla ya safari ile tulijiandaa wiki mbili nzima. Yaani, pikipiki ndizo ziliandaliwa. Fundi alibadilisha oili, akakaza cheni, akapima upepo wa matairi, akaangalia breki mbele na nyuma, akanikemea kwa plagi niliyoiacha ikachakaa. Mwili wangu hakuna aliyeukagua, na mimi mwenyewe sikuukumbuka. Kazi yangu ni ya kukaa. Nakaa kuanzia asubuhi hadi usiku mbele ya kompyuta, chai na sambusa pembeni, na kitambi kilikuwa kimeanza kunitangulia mlangoni. Nilidhani kuendesha pikipiki nako ni kukaa tu, tofauti ni kwamba unapigwa upepo.

Kitonga ndiyo ilinifundisha kwamba sivyo. Anayeifahamu barabara ile anajua: ukishaliacha bonde la mibuyu na Ruaha Mbuyuni, mlima unaanza, kona juu ya kona, malori ya Tunduma yanapanda kwa gia namba moja, mengine yanashuka yakinuka breki, na upande mmoja ni korongo. Nilikuwa nyuma ya lori la mafuta nilipogundua kuwa vidole vya mkono wa kulia vimekufa ganzi. Nikabana breki ya mbele, sikuhisi kitu. Ilibidi nivitazame vidole kwa macho ili nijue kama vimeishika. Pale ndipo nilipoogopa kwelikweli. Ilula nilianguka kwa aibu tu, lakini Kitonga ningeweza kuanguka kwa kufa.

Niliporudi Dar sikwenda jimu. Nilikwenda kijiweni kwa bodaboda wa mtaani kwetu, kijana ambaye hushinda kwenye siti saa kumi na mbili kwa siku. Alinitazama nikiizungusha pikipiki yangu mara moja tu, akasema, "Kaka, unaukaba usukani kama unanyonga kuku. Ushike kama umeshika kifaranga." Akanionyesha. Pikipiki hushikwa kwa magoti, tangi liwe katikati ya mapaja. Mgongo na tumbo ndivyo vinavyobeba mwili. Mikono inaelekeza tu. Mtu asiye na nguvu tumboni huulalia usukani bila kujijua, uzito wote unashuka kwenye viganja, na baada ya saa mbili vidole vinakufa ganzi. Nilimuuliza yeye anafanya mazoezi gani. Akacheka. "Mazoezi? Mimi natafuta hela, kaka." Baadaye aliniambia mgongo humuuma kila usiku, na hana siku ya kuupumzisha. Sisi tunalipia mafuta ili tuchoke. Yeye anachoka ili alipie mafuta. Jambo hili silisahau, ingawa sijui nilifanyie nini.

Nikaanza kidogokidogo. Asubuhi nakaa kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao. Siku ya kwanza nilidumu sekunde kumi na nane, nikadondoka kifudifudi kwenye mkeka, binti yangu akahesabu upya akidhani amekosea. Nachuchumaa na kuinuka mara ishirini, kisha arobaini. Natembea kwa miguu kutoka kituo cha daladala badala ya kupanda bajaji. Naminya mpira wa tenisi nikiwa kwenye simu na mhariri, jambo ambalo lina faida zake nyingine. Shingo nayo nikaifanyia kazi, maana helmeti ya kilo moja na nusu siyo nzito hadi upepo wa kilomita tisini kwa saa uanze kuivuta kutwa nzima. Nikajifunza pia kunywa maji kabla ya kiu. Ukiwa unakwenda, upepo unakausha jasho kabla hujaliona, kwa hiyo unaishiwa maji huku ukijiona mkavu na mzima. Ule msuli wa Ilula, nadhani, ulianzia hapo.

Ndipo Mwalimu akaniazima kitabu cha Ted Simon, Jupiter's Travels. Simon aliondoka London Oktoba 1973 na pikipiki ya Triumph ya cc 500, akaizunguka dunia kwa miaka minne, na Kenya na Tanzania zimo katika njia yake. Kitabu kikatoka 1979. Wengi hukisifu kwa ujasiri wake. Mimi nilikisoma kwa wivu, halafu kwa wasiwasi, kwa sababu mtu yule alikuwa peke yake. Mwaka 2001, akikaribia miaka 70, aliifuata tena njia ile, akavunjika mguu Kenya, akapona, akaendelea. Nilimwambia Mwalimu: huyu ndiye nataka kuwa. Mwalimu akajibu, "Wewe Kitonga tu imekushinda."

Kwa hiyo Kitonga ikawa lengo langu. Mwaka mzima, kila nikitaka kuulaza mwili, naiwaza Kitonga.

Juni iliyopita tukaondoka tena, safari hii kwa akili. Usiku wa kwanza tukalala Morogoro, tukaamka Uluguru wamejifunika ukungu. Tukapita Mikumi polepole, tukawaona twiga, tukasoma bango la faini za kugonga wanyama, Mhasibu akapiga hesabu ya nyati kwa sauti. Sikuwa na ganzi wala maumivu. Nilikuwa naimba ndani ya helmeti.

Fundi alikuwa mbele yangu. Tulipoikaribia Ruaha Mbuyuni alipita tuta bila kupunguza mwendo, pikipiki ikaruka. Fundi hafanyi hivyo. Nikamfuata, nikampigia honi, tukasimama kwenye vibanda vya vitunguu. Akavua helmeti. Macho yalikuwa mekundu. "Kichwa kinagonga," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Yale malori nayaona mawilimawili."

Katika zahanati, muuguzi alimpima mara mbili, maana ya kwanza hakuiamini. 190 kwa 120. "Baba, wewe leo hupandi hiyo pikipiki," akasema. Akamuuliza kama anatumia dawa. Fundi akatutazama sisi watatu, kisha akatazama sakafu. Ana presha mwaka wa sita. Vidonge anavyo. Aliviacha wiki nzima kabla ya safari, kwa sababu kimojawapo kinamfanya aende haja ndogo kila baada ya muda mfupi, na hakutaka kuwa mtu wa kuwasimamisha wenzake kila kilomita thelathini. Fundi, ambaye kwa plagi moja tu alinigombeza nusu saa.

Akapewa dawa, akaandikiwa barua ya kwenda hospitali. Nje tukabishana. Mhasibu alisema tumtafutie gari, sisi tuendelee; likizo tumeomba kwa shida, nyumba ya wageni Iringa tumeshalipia. Nisiseme uongo: nilitaka sana akubaliwe. Mlima ulianzia pale mbele tu. Mwaka mzima wa kudondoka kwenye mkeka, na Kitonga ndiyo hiyo. Nilimkasirikia Fundi kwa hasira ambayo bado inanitia aibu kuiandika. Kisha simu yake ikaita, alikuwa shemeji, na nikamsikia Fundi akimwambia, "Tuko salama, mama watoto, tunakula tu." Nikajua kwamba nikimwacha arudi peke yake, hospitali hataiona. Atakwenda moja kwa moja gereji.

Mwalimu na Mhasibu waliendelea. Pikipiki ya Fundi tukaiacha kwa mama mwenye mgahawa. Yeye akapanda gari dogo linalorudi Morogoro, mimi nikalifuata nyuma, kilomita karibu 200, zile zile nilizokuja nazo asubuhi. Jua likiwa mbele yetu asubuhi ya kesho yake lingekuwa la Iringa, nikawaza, lakini macho yangu sikuyatoa kwenye kioo cha nyuma cha lile gari, kilichoonyesha kichwa cha Fundi kikiwa kimeegemea dirisha. Tulifika jioni. Nikazima injini mlangoni mwa hospitali, nikashusha mguu wa kulia. Ukasimama. Nikamshika Fundi mkono tukaingia.

Alilazwa siku mbili. Usiku wa pili aliniambia, "Mwandishi, nilijua utaipanda safari hii." Sikumjibu. Nikamuuliza tu kama ameshameza dawa.

Sasa tuna utaratibu mpya. Kabla ya safari, Fundi anakagua pikipiki zetu, halafu tunakwenda sote kupimwa presha, na asiyekwenda haondoki. Barabarani tunasimama kila Fundi akibanwa, na tumekwishamwombea radhi kwa kucheka mara ya kwanza. Anashuka, anaingia porini, sisi tunanyoosha migongo, tunakunywa maji, tunakunja na kukunjua vidole. Mwezi jana tulikwenda Bagamoyo na kurudi kujaribu. Mhasibu alihesabu vituo sita. Hakuna aliyefika amechoka.

Kitonga bado sijaipanda vizuri. Tumepanga Juni.