Amri ya Saba na Modemu ya Parokia



Mwaka 2010 nilikuwa nikiwaeleza watoto wa Kipaimara juu ya Amri ya Saba, Usiibe, ndipo kijana mmoja aliponyosha mkono na kuuliza: "Padre, na Windows ya ofisini kwako imenunuliwa?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, kwa maana nilijua fika kwamba nakala ile iliwekwa na fundi wa mjini kwa shilingi elfu kumi, na kwamba mwenye mali hakupata hata senti moja.

Kwa majuma mawili nilijitetea moyoni: parokia ni maskini, kampuni ile ni tajiri. Hoja kama hiyo nisingeikubali hata kidogo kwa mtu aliyekula kuku wa jirani yake. Hatimaye nikaifuta Windows, nikaweka Linux ya aina ya Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Siku hizo walikuwa bado wakituma diski bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Huduma hiyo ilikoma mwaka 2011. Jina lenyewe halimsumbui Mswahili, kwani ubuntu ni utu.

Barua ziliandikika, orodha ya wabatizwa ikafunguka vema. Intaneti ndiyo iliyokataa.

Kwetu milimani hapakuwa na waya wa simu. Tulikuwa na modemu moja tu, ile ndogo ya kuchomeka, yenye laini ya simu ndani yake. Kila nilipoichomeka, kompyuta ilinionyesha diski ya CD iliyojaa programu za Windows, basi. Nikawapigia simu walioniuzia. Sauti ya upole ikanishauri niirudishe Windows. Nakiri kwamba jioni ile niliitoa diski ya yule fundi kabatini nikaiweka mezani. Barua za jimbo zilikuja kwa barua pepe, na moja, iliyohusu ziara ya Askofu, nilikuwa nimeipata ikiwa imechelewa siku nne.

Aliyeniokoa ni mwulizaji yule yule. Akanieleza kwamba modemu za namna hiyo zimetengenezwa na sura mbili: ikichomekwa hujitambulisha kwanza kama diski, ili mteja wa Windows apate programu humo humo, kisha hugeuka kuwa modemu pale tu inapopewa amri. Katika Linux amri hiyo hutolewa na programu iitwayo usb_modeswitch, iliyoandikwa na Josua Dietze na kutolewa bure. Lakini haikuwemo katika diski yetu. Ilikuwa kwenye intaneti. Maji yamo kisimani, na kamba nayo imo kisimani.

Kijana akapanda basi kwenda mjini, mwendo wa saa mbili, akiwa na flashi yangu. Aliporudi tukaiweka programu. Ikagoma, ikidai kwanza programu nyingine ambayo huitegemea. Kesho yake akaenda tena. Nauli ya siku ya kwanza alikuwa ameilipa mwenyewe bila kuniambia.

Jioni ya pili diski ile ya bandia ilitoweka kwenye kioo, na kompyuta ikaanza kuuliza mambo ya maana: nchi gani, kampuni gani ya simu? Tukajibu. Zikaingia barua kumi na saba. (Kabla ya usiku Ubuntu ilijipakulia masasisho yake, ikaimaliza vocha yote. Hilo nalo lilibidi tujifunze kulizima.)

Dominika iliyofuata niliwasimulia waamini habari zote tangu mwanzo, pamoja na zile shilingi elfu kumi. Baada ya Misa mwalimu wa kwaya alinisubiri nje ya sakristia, kofia mkononi.

"Baba Paroko," akasema, "na zile CD za nyimbo tunazonakili na kuziuza mlangoni, nazo zimo?"

Nikamwambia zimo.