Mbona Hukusema? Safari Yetu Kwa Waberber wa Milima ya Atlas

Tuliporudi nyumbani mwezi Juni mwaka 2025, kila aliyetuona alituuliza swali moja: "Je, mlifika kileleni?" Wapenzi kina mama wenzetu, jibu ni hapana, hatukufika. Tuligeuka tukiwa bado na karibu mita elfu moja za kupanda. Hata hivyo, hatujapata safari iliyotufundisha kama hiyo, ndiyo maana tumeona tusiwanyime habari zake.

Tulikuwa wanne, sote kina mama wa miaka arobaini na kitu, na wawili kati yetu ni wauguzi. Kwa miaka minne tuliweka akiba kidogo kidogo ili twende Moroko kutembea kwa miguu katika milima ya Atlas na kulala katika nyumba za wenyeji. Shabaha yetu ilikuwa mlima Toubkal, ulio mrefu kuliko yote ya Afrika ya Kaskazini. Urefu wake ni mita 4,167. Kwa kuwa sisi tumekulia tukiutazama Kilimanjaro wenye mita 5,895, tuliambiana kwamba huo ni mlima mdogo. Neno hilo "mdogo" lilitugharimu, kama mtakavyoona.

Watu wa milimani

Kutoka mji wa Marrakech tulisafiri kwa gari kama kilomita 65 hadi Imlil, kijiji kilicho mita 1,740 juu ya usawa wa bahari. Hapo tulimkuta kiongozi wetu. Tangu mwisho wa mwaka 2018, baada ya watalii wawili kuuawa karibu na hapo, mgeni haruhusiwi kuupanda Toubkal bila kiongozi mwenye leseni, na askari hukagua hati za kusafiria njiani. Mizigo yetu ilibebwa na nyumbu. Msidhani ni nyumbu wa Serengeti! Huyu ni mtoto wa punda na farasi, na kwenye njia za mawe huko hakuna mnyama anayemshinda.

Wenyeji wa milima hiyo twawaita Waberber, lakini wao wenyewe hujiita Imazighen, yaani watu huru. Lugha yao upande huo ni Kitashelhit. Kuamkiana ni "azul", kushukuru ni "tanmirt", na maneno hayo mawili yalitufungulia milango mingi. Tangu katiba ya mwaka 2011 lugha ya Kiamazigh ni lugha rasmi ya nchi pamoja na Kiarabu, na maandishi yake ya kale, Tifinagh, huonekana kwenye vibao vya shule na ofisi.

Siku ya kwanza tulivuka upenyo wa Tizi n'Tamatert, kama mita 2,280, tukalala kijiji cha Tacheddirt. Mashamba yamekatwa ngazi ngazi ubavuni mwa mlima, yana shayiri, mijozi na mitufaha. Maji huletwa kwa mifereji, na kila nyumba ina zamu yake ya kumwagilia. Tulikumbuka mifongo ya Wachagga, tukajiona hatuko mbali sana na kwetu. Kina mama walitupita wakiwa wameinama chini ya mizigo mikubwa ya majani ya ng'ombe. Wao hawajitwishi kichwani kama sisi, hubebea mgongoni. Sisi tulikuwa na vifurushi vidogo tu, na tulikuwa tunahema!

Jikoni

Siku ya pili tulifika Aroumd, kijiji kilichojengwa juu ya mawe makubwa, na jioni tukakaribishwa katika nyumba ya familia moja. Ukutani palikuwa na ufa mrefu. Mwenye nyumba alituonyesha kwa kidole bila kusema mengi: ni tetemeko la usiku wa tarehe 8 Septemba 2023, lililokuwa na ukubwa wa 6.8 na kuua karibu watu 3,000, wengi wao katika milima hiyo.

Baada ya kumaliza chungu cha kondoo, viazi na karoti kilichopikwa taratibu juu ya makaa, tuliomba kukaa jikoni na kina mama. Mama mwenye nyumba alikuwa rika letu. Alikanda unga, akaoka mikate ya duara, akatumiminia chai ya mnanaa kutoka juu mpaka ikatoa povu. Sukari yake, tungekuwa kliniki, tungemkemea! Binti yake alikuwa mkalimani wetu. Msichana huyo alisoma sekondari akiishi bweni huko Asni, chini bondeni, kwa sababu kijijini hapakuwa na shule ya ngazi hiyo, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri.

Alipojua kwamba wawili wetu ni wauguzi, yule mama alitusimulia juu ya uzazi wake wa kwanza. Ilikuwa wakati wa theluji. Uchungu ulimwanza alfajiri, naye hakumwambia mtu. Alikamua ng'ombe, akapika, akafagia. Alikuwa bibi arusi katika nyumba ya mama mkwe, na hakutaka aonekane mlegevu. Watu walipogundua ilikuwa usiku. Walimfunga juu ya nyumbu na kuteremka naye gizani kutafuta gari. Yeye alipona, mtoto hakupona.

Tulimpa pole. Kisha sisi wauguzi tukafanya kama tulivyozoea: tukaanza kufundisha. Tulimweleza binti dalili ambazo mjamzito hapaswi kuzinyamazia: kutokwa damu, kuumwa kichwa sana, macho kutoona vizuri, kuvimba uso na mikono, mtoto kuacha kucheza. "Semeni mapema," tulisisitiza. Mama alisikiliza kwa adabu, akatuongezea chai.

Usiku ule mlimani

Kesho yake tulipanda kuelekea nyumba ya wapandaji iliyo mita 3,207. Tulipita Sidi Chamharouch, penye kaburi la walii linalotembelewa na wengi, na hapo mwenzetu mmoja akaanza kuumwa kichwa. Naye ni muuguzi. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa angeweza kuwa yeyote kati yetu. Hakusema. Alimeza vidonge vya maumivu kwa siri, akavimeza tena baada ya saa chache. Tulipomwuliza kwa nini amenyamaza sana, alijibu, "Nimechoka tu."

Aliyegundua ni kiongozi. Wakati wa chakula cha jioni aliona supu ya mwenzetu imepoa bila kuguswa, na vidole vyake vinashindwa kufunga kamba za viatu. Alimwomba asimame, atembee katika mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Hatua ya tatu akayumba kama mlevi. Sisi wauguzi tulitazamana, na mioyo yetu ikaenda mbio. Tulijua maana yake. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu ni ugonjwa wa mwinuko, lakini mtu akianza kuyumba au kuchanganyikiwa, ubongo unavimba, na anaweza kufa. Dawa iliyo kubwa ni kushuka.

"Tunashuka sasa hivi," alisema kiongozi.

Mwenzetu alikataa. Alilia, akasema tumeweka akiba miaka minne, na yeye hatakuwa sababu ya wote kukosa kilele. La hasha! Tulifunga mizigo, tukampandisha juu ya nyumbu, tukateremka kwa tochi, mmoja wetu akiomba kwa sauti ya chini. Tulipofika tena Sidi Chamharouch, mita 2,310, alianza kuongea vizuri na kuulizia koti lake. Hatukuwahi kufurahia swali la koti namna ile.

Tulibisha hodi Aroumd karibu saa tano usiku. Yule mama alifungua, akamtazama mgonjwa, akaleta mablanketi, akawasha moto. Chai ilipokuwa tayari, alisema neno kwa binti yake. Binti aliona haya kutafsiri, mama akamhimiza.

"Mama anauliza," alisema, "jana mlitufundisha tuseme mapema. Mbona hukusema?"

Hatukuwa na jibu. Mwenzetu aliinamisha kichwa. Yule mama akamshika mkono, akaendelea kuushika mpaka usingizi ulipomchukua.

Tulilorudi nalo

Kina mama wenzetu, swali hilo tulilipakia mizigoni likaja nasi mpaka nyumbani. Wodini tunawaona kila wiki: mwenye uvimbe kwenye titi aliouficha mwaka mzima, anayetokwa damu na bado anafua nguo za watoto. Tukimwuliza hujibu, "Sikutaka kuwasumbua." Tulidhani ni wale wasiojua. Kumbe hata anayejua, anayefundisha wengine, hunyamaza akiogopa kuwa mzigo kwa watu wake. Lakini mzigo tulioubeba usiku ule ulikuwa mzito kwa sababu ya kuchelewa kusema. Angesema mchana, tungeshuka kukiwa kweupe.

Kama Mungu akikujalia kwenda mlima wo wote mrefu, panda polepole. Ukipita mita 3,000, usilale kila siku zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Sisi siku ile tulipanda zaidi ya mita 1,200 kwa mara moja! Ukiumwa kichwa, mwambie kiongozi siku hiyo hiyo, wala usipande zaidi mpaka kipone.

Na kama huendi mlima wo wote? Wiki ya pili baada ya kurudi, mwenzetu yule alikwenda kupima shinikizo la damu, jambo aliloliahirisha mwaka mzima huku akiwapima wengine kila siku. Ilikuwa juu. Sasa anatumia dawa, na mumewe ndiye anayemkumbusha kila asubuhi. Alipomwambia habari hiyo, mume alimwuliza swali lile lile la mama wa Aroumd.

Nawe, mama unayesoma, unaficha nini? Mwambie mtu leo.