Rizoto ya Feri kwa Wawili

Wiki nzima mnapishana mlangoni: huyu kachelewa kwenye foleni, yule kazi hazimwishi. Mnaongea saa ngapi? Jumamosi hii pikeni rizoto, maana sufuria yake haiachwi peke yake.

Asubuhi na mapema nendeni soko la samaki la Feri, Magogoni. Wa Kinondoni, Mwendokasi inawashusha Kivukoni, jirani tu. Wa Temeke, shikeni Barabara ya Kilwa. Chagueni kamba wagumu, wenye ganda la kung'aa, na ngisi wasio na harufu kali.

Sisi tumezoea wali wa kuchambuka, na mchele wa Kyela ndio kiboko yake. Rizoto ya Italia kaskazini ni kinyume: inataka uji mzito unaotiririka. Tafuteni Arborio supamaketi, gramu 160 zinawatosha, na msiuoshe, mtapoteza wanga.

Chemsheni maganda na vichwa vya kamba mpate supu. Kaangeni kitunguu kwa mafuta ya zeituni, tieni mchele, kisha glasi ndogo ya mvinyo mweupe wa Dodoma. Ukikauka, ongezeni supu ya moto upawa mmoja mmoja, mkikoroga, dakika kama 18. Kamba na ngisi waingie dakika tatu za mwisho. Jibini acheni, Waitaliano wengi hawaichanganyi na vyakula vya baharini.

Mmoja akoroge, mwenzake amimine supu. Simu zikae chumbani. Hizo dakika 18 ni zenu.