Ahadi Tuliyoupa Ruaha Mkuu

Sisi tuliokulia mkoani Iringa miaka ya 1980 tuliujua Ruaha Mkuu kuwa mto usiolala. Kiangazi maji yalipungua, miamba ikatokeza migongo, mamba wakajianika juu ya mchanga. Lakini hata Oktoba, vumbi la njia ya Idodi likiwa limetanda juu ya miti, mto ulikuwa ukitembea. Walimu walitupeleka Msembe, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, tukasimama ukingoni kusikiliza viboko. Hakuna aliyefikiri kwamba maji yale yanaweza kuisha.

Mwaka 1993 yaliisha. Tangu hapo, karibu kila kiangazi, mto hukatika ndani ya hifadhi hiyo, pengine kwa wiki, pengine kwa miezi. Nimepita katikati yake Novemba bila kulowesha viatu. Viboko walikuwa wamebanana kwenye vidimbwi vya tope, na tembo wanachimba mchanga kwa mikonga kutafuta maji. Iliniuma, na bado inaniuma.

Ukiuliza sababu, wengi hukutajia tabianchi. Mvua za siku hizi hazitabiriki, hilo kweli. Lakini kiangazi mto huu hukatwa huko juu, Usangu. Vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere huingia kwenye ardhioevu ya Ihefu, na maji hutoka humo kwa kuvuka mwamba wa Ng'iriama, uliokaa kama kizingiti cha mlango. Ihefu ikishuka chini ya mwamba huo, hakuna tone linalokwenda Ruaha. Na Ihefu hushuka kwa sababu mabanio ya mashamba ya mpunga hubaki wazi hata baada ya mavuno, maji yakimwagika kwenye majaruba matupu na kuishia juani.

Siwalaumu wakulima wa Mbarali, wilaya ya huko Usangu. Mfereji unaopeleka maji mashambani ndio uleule wanamochota maji ya kunywa, ya kufulia na ya kufyatulia tofali. Ukiufunga bila kuwapa kisima au bomba, umewafungia maisha.

Lawama tumezigawa ovyo tangu mwanzo. Miaka ya 1990, mgawo wa umeme ulipotuweka gizani, vidole vilielekezwa Usangu, kwamba watu wa huko wanainyima maji mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu, iliyo chini kwenye mto huohuo. Watafiti walioufuatilia mto walieleza kwamba bwawa la Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, na kwamba namna maji yalivyofunguliwa kutoka bwawani ilichangia sana upungufu ule. Hata hivyo mwaka 2006 wafugaji walianza kuondolewa Usangu, wengine wakaswaga ng'ombe hadi Lindi. Mwaka 2008 sehemu ya Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Ng'ombe waliondoka, familia zikatawanyika, na mto ukaendelea kukauka.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba tuliahidi. Mwaka 2001, akiwa London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliutangazia ulimwengu kwamba Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Nilifurahi siku hizo, nikadhani wanangu watauona mto nilioujua mimi. Mwaka 2010 ulipita, na wao wameujua mchanga.

Leo tumejenga Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, kwenye Rufiji, na Ruaha Mkuu ni mmoja wa mito inayoulisha Rufiji. Hatuwezi kuendelea kujenga chini huku juu tumepaacha.

Kazi inayotakiwa inajulikana: kila kijiji cha Usangu kinachotegemea mfereji kipatiwe maji safi, kisha mabanio yafungwe mara mpunga unapovunwa, ya mkulima mdogo na ya shamba kubwa sawasawa. Nawe unayenunua mchele wa Mbeya sokoni, mwulize mbunge wako ile ahadi ya 2010 imefikia wapi.