Barua kutoka Uingereza: Zamu Inapobadilika

Ndugu zangu wa Magomeni, Kilosa,



Leo nawaandikia kuhusu kazi yangu ya uuguzi katika wodi ya wagonjwa mahututi (ICU), hasa saa ile madaktari wanapokabidhiana zamu. Mgonjwa wa ICU mara nyingi hana kauli. Ana mpira kooni, mashine inampumulia, dawa za usingizi zimemlaza. Hawezi kumweleza daktari anayeingia kwamba usiku presha ilishuka. Anayetoka asiposema, habari hiyo anaondoka nayo.

Kwa hiyo asubuhi madaktari hao wote husimama kando ya kitanda. Anayetoka hutaja kwanza hali: mgonjwa anaendelea vizuri au yuko hatarini? Kisha historia kwa ufupi, kazi zilizobaki na nani azifanye, halafu presha ikishuka tena ifanywe nini. Mwishowe anayepokea hurudia yote kwa maneno yake. Juzi daktari mmoja aliruka kipimo cha potasiamu ambacho majibu yake yalikuwa bado maabara. Mwenzake akamkumbusha palepale. Sisi wauguzi nasi hufuata kila dripu kwa kidole, kutoka kwenye chupa hadi kwenye mshipa, tukisoma jina la dawa kwa sauti.

Utaratibu wa namna hii ulipimwa katika wodi za watoto za hospitali 9 Marekani na Kanada, matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na makabidhiano hayakuchukua muda mrefu zaidi.

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Katika Hospitali ya Muhimbili, ICU iliwekewa mwongozo wa dalili za hatari na hatua ya kuchukua kwa kila dalili, aliye zamu awe nani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa vifo kwa jumla havikushuka, lakini kwa waliofika presha ikiwa chini sana vilipungua kutoka asilimia 92 hadi 69.

Kwetu Kilosa mgonjwa akizidiwa hupewa rufaa kwenda Morogoro. Hapo anakabidhiwa mara mbili kabla hajapata kitanda: kutoka wodini kwa muuguzi wa gari la wagonjwa, kisha kwa daktari wa mapokezi. Barua ya rufaa ikiandika "hali mbaya" tu, anayepokea anaanza upya huku dakika zinakwenda. Dawa ipi amepewa, saa ngapi, presha ilikuwa ngapi? Kuyaandika hayo kunataka karatasi na kalamu, na simu moja kabla gari halijaondoka.

Wadogo zangu mlio kwenye vituo vya afya na hospitalini, anzeni makabidhiano ya namna hii zamu ya leo, msingoje mashine. Nanyi wazazi, gari likitaka kuondoka, ulizeni kwa adabu: "Daktari, huko tuendako wameshapigiwa simu?" Ni haki ya mgonjwa wenu.

Wasalaam,
Ndugu yenu